Taa Namba Tisa Inawaka Kwangu

Ismaili Mchopa,
Nyuma ya Magofu, penye mpapai,
Kilwa Kisiwani.
4 Agosti 1999

Mkuu wa Mradi,
Mradi wa Ramani ya Kubonyeza,
Lindi.

Yah: KUOMBA NYUMBA YANGU IACHE KUWA GOFU

Ndugu Mkuu wa Mradi, Mama Benadetha,

Nimekwama kwenye salamu tangu asubuhi. Kwa umri mimi ni mkubwa kwako, maana nimeambiwa ulizaliwa mwaka wa Azimio la Arusha, na mwaka huo mimi nilikuwa tayari nina mke na ndevu. Kwa cheo wewe ni mkubwa kwangu, maana una ofisi, mhuri na gari, na mimi nina goti bovu. Nimeamua tugawane. Shikamoo yako naihesabu imefika, marahaba mwanangu. Na ofisi yako naipigia saluti nikiwa nimekaa.

Nakuandikia kuitikia tangazo lenu lililobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji, linalosema kwamba mwisho wa mwezi huu ramani itafanyiwa masahihisho, na mwenye malalamiko ayaandike kwa utulivu, ayapange kwa namba, na ayafikishe kabla ya tarehe ishirini. Utulivu ninao. Namba ninazijua, kwani nilikuwa karani wa ghala la korosho la ushirika kwa miaka kumi na tisa, mpaka soko lilipofunguliwa milango, ushirika ukatufia mikononi, na korosho zikaanza kununuliwa na kila mwenye mizani na lori. Kwa hiyo hii ni barua iliyopangika. Ikitokea mahali nimepandisha sauti, naomba mahali hapo usome polepole.

Ombi langu ni moja na nalisema mapema ili usichoke kabla ya kulifikia. Nataka nyumba yangu irudi kuwa nyumba, na mke wangu arudi kuwa mke wangu.

Sina ugomvi na ramani yenyewe. Ni kitu kizuri mno. Siku mlipoizindua pale gatini nilikuwa mstari wa mbele. Ubao mpana kama mlango wa ghala, kisiwa chetu kimechorwa kwa rangi ya kijani, bahari buluu, na chini yake vitufe tisa vimepangwa kama vifungo vya kanzu. Mgeni akibonyeza cha kwanza, taa ndogo nyekundu inawaka penye Gereza, ile ngome ya kale. Cha pili, Msikiti Mkuu. Cha sita kinawasha taa kule mbali kwenye kasri la Husuni Kubwa, na mgeni anajua kwamba hapo anahitaji viatu vya kutembea. Umeme unatoka kwenye betri ya gari inayochajiwa na sola, katika kisiwa ambacho hakina hata gari moja. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Walipomaliza wakubwa kubonyeza tukaruhusiwa sisi, nami nikabonyeza vyote kwa zamu, nikicheka peke yangu, mpaka nilipofika namba tisa na kuona taa imewaka mahali ninapolala.

Nimechunguza ilikuwaje, na ukweli nimeupata. Namba tisa ilikusudiwa kuwa kijumba kilichobomoka kule karibu na mikoko, ambacho hata popo wamekihama. Lakini siku ya kupima namba tisa ilikuwa Ramadhani, kumi la mwisho, saa kumi na moja jioni. Fundi wenu, Deo, kijana wa Rasbura, ni Mkristo, lakini amelelewa vizuri, na kwa kuwa wapimaji wenzake wote walikuwa wamefunga, naye alikataa kunywa hata funda la maji mbele yao kutwa nzima. Walipofika kwenye baraza yetu, waliofunga na asiyefunga hawakuwa na tofauti yoyote, wote miguu imelegea. Mke wangu, Mwahija, akawaambia kwamba hajawahi kuona mtu akipita mlangoni kwake saa hiyo kuelekea mikokoni wakati muhogo wa nazi umeshaiva. Wakakaa. Mmoja wao akasema alama iwekwe hapo hapo walipo, kesho wataisogeza. Deo akaweka alama. Kesho yake kukawa na kazi nyingine, keshokutwa mwezi ukaandama, ikawa Idi, na baada ya Idi hakuna aliyekumbuka kusogeza kitu.

Nilipomwendea Deo kumweleza, alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akanijibu kwamba nyumba ambayo alikula ndani yake mpaka akalegeza mkanda hawezi kuifuta kwenye ramani kwa mkono wake mwenyewe, ataonekana hana shukrani. Kama mtu wa pwani, nilimwelewa. Kama mwenye nyumba, ndiyo maana naandika kwako.

Tena jioni ile ile, akisubiri adhana, Deo alimwuliza Mwahija nyumba hii ilijengwa lini. Mwahija akamjibu kwamba yeye aliikuta. Ndivyo tunavyojibu wote huku kuhusu kila kitu: msikiti tuliukuta, kisima tulikikuta, deni la shule tulilikuta. Nyinyi mkalichukua jibu hilo mkalipeleka Lindi, likarudi limepakwa rangi kwenye kibao: Nyumba ya Mkazi wa Kale. Piga hodi, ingia, ujionee maisha yalivyokuwa.

Sasa naleta malalamiko.

1. Kuhusu hodi. Sijui ni nani kati yenu aliyetoa wazo la kumfundisha mgeni kupiga hodi, lakini hakunifikiria. Hodi ikishapigwa ina jibu lake, na jibu hilo mtu aliyelelewa hawezi kulimeza. Nimeitikia karibu nikiwa na mswaki mdomoni. Nimeitikia nikiwa na homa, chini ya shuka mbili. Na mara moja, Mwenyezi Mungu anisitiri, nimeitikia nikiwa bafuni na sabuni machoni, bafu ambalo ukuta wake, kama wapimaji wenu walivyojionea, unanifika kifuani. Mgeni alikuwa bibi wa Kizungu mwenye kofia kubwa. Aliinua kofia, mimi nikainua kopo.

Mwezi wa Juni ikaja shule kutoka Kitomanga, wanafunzi arobaini na wawili na mwalimu wao, Cecilia. Ni watoto wenye adabu ya kutisha. Hawakupiga hodi kwa pamoja kama watoto wengine. Walipanga mstari, kila mmoja akapiga ya kwake na kusubiri jibu lake. Niliitikia karibu arobaini na mbili. Sauti ilikauka kwenye ya thelathini, na waliobaki niliwaitikia kwa kichwa, kutoka nyuma ya pazia. Mtoto wa mwisho akarudia hodi yake kwa sababu hakuwa na uhakika kama kichwa kinahesabika.

2. Kuhusu vyombo vyangu kuzeeshwa kwa nguvu. Redio yangu ya mbao niliinunua duka la ushirika mwaka 1979, risiti ninayo. Inasemekana sasa ni ya enzi za Mjerumani. Baiskeli yangu inatazamwa kwa huzuni. Miwani yangu, ambayo nilikuwa nimeivaa wakati huo, ilinyooshewa kidole, na kijana mmoja akauliza kama watu wa kale walikuwa tayari wamegundua vioo. Mgeni mwingine aliikalia mbuzi ya kukunia nazi ili apigwe picha, akiamini ni kiti cha enzi cha mtoto wa mfalme. Meno ya mbuzi yetu ni makali, nayanoa mwenyewe. Nadhani picha ilitoka vizuri, kwa sababu uso ulikuwa na hisia nyingi.

3. Kuhusu mimi mwenyewe kuhesabiwa pamoja na vyombo. Nina kawaida ya kujinyoosha kwenye baraza baada ya adhuhuri. Siku ile ya watoto wa Kitomanga, baada ya kazi ya karibu arobaini na mbili, nilipitiwa na usingizi. Mwalimu Cecilia hakunijua, maana hodi zao niliziitikia nyuma ya pazia, kwa hiyo aliwaeleza watoto kwamba hii ni sanamu ya Mkazi wa Kale, iliyotengenezwa kwa ustadi mkubwa, waangalie vidole vya miguu. Mtoto mmoja akanigusa puani kwa unyoya wa kuku. Nikapiga chafya.

Sitaki kurefusha. Mwalimu alipotewa na kiatu kimoja. Watoto sita walipatikana ndani ya maji mpaka kiunoni, na mmoja alikuwa amekwishapanda boti ya watu wengine. Nilitoka kuwatuliza, nikawakimbilia nikiwaita kwa mikono miwili, na sasa naona kwamba hilo halikusaidia. Nimeletewa nakala ya insha iliyopata alama za juu kabisa, na kichwa chake ni Siku Zamani Ilipotufukuza.

4. Kuhusu paa. Nilikuwa nimeshaleta bati ishirini kutoka mjini Kilwa Masoko, ng'ambo, ili niondoe makuti. Siku nilipoegemeza ngazi, Severini, mlinzi wa mradi wenu, akaja na daftari. Ni kijana mstaarabu. Alianza na shikamoo, nikamjibu marahaba, kisha akanikataza. Alinieleza kwamba kitu kikishapata taa kwenye ramani hakibadilishwi bila kibali. Nikamwambia paa linavuja. Akapanda ngazi, akalitazama tundu, akalipima urefu na upana, akaliandika. Mimi huku chini nilikuwa nashukuru, nikidhani linapimwa ili lizibwe. Baada ya wiki mbili akaniletea jibu kwamba tundu limetambuliwa na lihifadhiwe katika hali yake ya sasa.

Kwa hiyo, Mama Benadetha, tundu la paa letu ni urithi wa taifa. Lina ulinzi kuliko mimi. Masika tuliyapokea kwa sufuria tatu na beseni, na mgeni mmoja akapiga picha sufuria zinavyodondokewa, akamwambia mwenzake kwamba watu wa kale walikuwa na akili sana ya kukinga maji.

4(b). Bati zenyewe nimeagizwa nizifunike kwa mikeka, kwa sababu zinaharibu sura ya zamani ya nyumba. Kuku wamehamia humo na wanataga. Ni jambo dogo lakini tangazo lilisema tupange kila kitu.

5. Kuhusu majirani. Nyinyi mnadhani mmewasha taa moja. Mmewasha kijiji kizima. Kila mtu sasa anataka taa. Jirani yangu wa upande wa kisima, Bwana Mfaume, alibomoa ukuta wa jiko lake kwa nyundo ili lifanane na gofu, akapanda na magugu kwa mkono wake. Sasa mkewe anapikia nje, jua linampiga, na taa hawajapewa. Jirani mwingine ameacha kunyoa. Wa tatu anamzungusha mama yake mzazi kwa wageni akisema huyu peke yake ana historia kuliko ukuta wowote, na bibi wa watu anakubali kwa kichwa kwa sababu hasikii.

Katika mkutano wa kijiji wa mwezi uliopita, mwenyekiti alipouliza nani anaunga mkono maendeleo, watu walitazamana kwanza. Mfaume akasimama akasema kwamba tuwe waangalifu na maendeleo, tusije tukaonekana wapya. Alipigiwa makofi. Mimi niliyesimama kumpinga nilizomewa, nikaambiwa nikae chini, nina taa na bado nalalamika.

6. Kuhusu mke wangu. Hili ndilo lililonishikisha kalamu.

Mwahija ni mke wangu wa miaka thelathini na minne. Si msemaji. Na tangu binti yetu wa mwisho, Umi, alipoolewa mjini Lindi miaka mitatu iliyopita, alizidi kunyamaza, nyumba ikapoa mpaka nikawa nasikia mchwa wakila boriti. Nasema hivyo kwa haki tu, ili picha iwe kamili.

Wageni wa kwanza walipomwuliza nyumba hii ni ya nani, alisema kweli, kwamba aliijenga babu yangu, aliyekuwa akichoma chokaa. Wageni wakasema aa, wakatazama saa zao. Sijui ni nini kilichomwingia hapo. Wageni wa pili aliwaambia kwamba aliishi humu binti wa mfalme. Wiki iliyofuata binti huyo akawa na nywele za kufika magotini. Mwezi uliofuata akapata mchumba, sultani kamili, ambaye Mwahija hamtaji jina kwa kuogopa, anasema, kuwakosea wenye ukoo. Sultani alikuja kuposa. Alilala kwenye kitanda changu cha kamba, upande wa ukutani. Alikula pweza wa nazi, tumbo likamsumbua siku mbili, binti akamchemshia mchaichai. Mwalimu Cecilia, ambaye anapenda usahihi, aliuliza tukio hilo lilikuwa lini. Mwahija, bila kupepesa macho, akamjibu, "Jumatano, mwalimu, baada ya alasiri." Watoto arobaini na wawili wakaandika Jumatano.

Haya yote nayasikia kupitia dirishani, nikiwa nimekaa uani kama mpangaji. Nimejifunza mengi kuhusu sultani huyu. Ana meno yote. Hakoromi. Akipewa chai haulizi kama imetiwa iliki, anakunywa na kushukuru. Na siku alipoondoka kurudi kwao, binti akiwa amesimama mlangoni, aligeuka nyuma mara saba.

Mara saba, Mama Benadetha. Wageni wa kike hufika hapo wakafuta machozi, halafu wote hugeuka kunitazama mimi. Nakiri kwamba katika miaka thelathini na minne nimekwenda Masoko kila wiki na sijawahi kugeuka nyuma hata mara moja. Lakini mimi nilikuwa narudi jioni ile ile, na nilikuwa nimebeba kapu.

Naandika wazi kwamba nina wivu. Nina wivu na mtu ambaye hakuwepo, na hakuna baraza la kata litakalokubali kumwita shaurini. Mwahija anaamka kabla ya adhana kufagia njia mpaka kule penye kona. Anapaka wanja. Anafunga kanga za sanduku la chini, zile ambazo alikuwa akizitunza kwa harusi za watu. Nilimwuliza anajipamba kwa ajili ya nani, akanijibu, "Kwa ajili ya namba tisa," akaendelea kuchana nywele huku akiimba. Sikuwa najua kwamba anaimba. Jioni nikirudi na habari zangu za Masoko, nani kafa, nani kaoa, nani kakamatwa na magendo ya saruji, nakuta ameshamaliza maneno yake yote kwa watu wa boti. Analala fofofo, uso wake unacheka. Mimi nabaki na habari zangu. Nimekaa na ukimya wa mwanamke huyu miaka mitatu nikingoja uvunjike, na ulipovunjika haukuvunjikia kwangu. Inaniuma, na nimeona bora niiseme kwa ofisi kuliko kuisema nyumbani.

7. La mwisho naliandika kwa aibu. Wiki iliyopita nilishuka kwenye boti nikitoka Masoko, nikapita penye ubao, na mkono wangu wenyewe ukabonyeza namba tisa. Taa ikawaka. Moyo ukatulia kwamba niko nyumbani. Kisha nikakumbuka kwamba nimesimama gatini, nina kilo mbili za sukari mkononi. Nilibaki pale muda mrefu nisijue nimwamini nani kati yangu na ramani, na ramani ilikuwa na umeme. Mgeni aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akaniuliza kwa upole kama namba tisa panafaa kutembelewa. Nikamwambia panafaa sana, awahi, mama wa hapo akishaanza habari za sultani harudii mwanzo. Nikambebea na begi lake mpaka mlangoni.

Kutokana na hayo yote, naomba yafuatayo, na yote yamo ndani ya uwezo wa ofisi yako:

(a) Taa namba tisa ing'olewe kwangu iende mikokoni ilikokusudiwa, na kibao cha Mkazi wa Kale kifutwe, Deo apewe likizo siku hiyo ili asione.

(b) Kama taa haiwezekani kuhamishwa, basi nihamishwe mimi kwenye kundi linalostahili. Nipewe hati ya ugofu yenye tarehe ya kujengwa kwangu, saa za kufunguliwa na saa za kufungwa, mapumziko ya Ijumaa, na kibali cha ukarabati kuanzia goti la kulia. Gofu gani linaamka usiku kwenda kuhamisha sufuria?

(c) Tundu la paa lifutwe katika orodha ya urithi kabla ya mvua.

(d) Ofisi yako initolee barua yenye mhuri, ikithibitisha kwamba baada ya uchunguzi wa kitaalamu imeonekana hakuna sultani yeyote aliyewahi kulala nyumbani kwa Ismaili Mchopa, na hasa upande wa ukutani. Barua hiyo ninaihitaji zaidi kuliko (a), (b) na (c). Nitaibandika juu ya kitanda.

Nikimaliza, naomba unifikishie salamu kwa wote hapo ofisini: kwa aliyepiga chapa tangazo, kwa aliyelibandika kichwa chini mpaka tukalisoma kwa kupokezana, kwa wapimaji wote waliofunga na kwa Deo aliyeshinda na kiu bila kulazimishwa. Wasalimie na wazazi wako, waambie wamekulea vizuri mpaka umefika mahali unalalamikiwa na watu wazima. Mwahija naye anakusalimu, ingawa hajui kwamba nakuandikia.

Nabaki kuwa mtu wako, tena ningali hai,

Ismaili Mchopa
(Mkazi, si wa Kale)

Tanbihi. Leo ni Jumanne, tarehe 10. Barua hii imekaa karibu wiki nzima kwenye mfuko wa koti nikingoja mtu wa kwenda Lindi, na katika wiki hiyo limetokea jambo ambalo lazima ulijue kabla hujapiga mhuri popote.

Jumamosi balbu ya namba tisa iliungua. Nyingine zote zinawaka, ni hiyo moja tu. Boti zimekuja, wageni wamebonyeza, taa haikuwaka, wakakata shauri namba tisa hakuna kitu, wakaenda zao Husuni. Jumamosi Mwahija alifagia njia. Jumapili akafagia tena. Jumatatu alikaa mlangoni na birika mpaka chai ikapoa, akaimwagia mpapai. Leo hakupaka wanja. Nimemsimulia habari zote za Masoko, za kweli zikaisha nikaanza kubuni, akawa ananiitikia ehe, ehe, macho yakiwa njiani. Ndipo nikamwuliza mwenyewe, kwa kinywa changu, vipi yule sultani, hajambo? Akaniambia, "Ameshaondoka." Hakusema amegeuka mara ngapi.

Mama Benadetha, mwanangu, nakushika miguu. Hayo ya juu yote, kuanzia moja mpaka saba, na (d) hasa, yachane. Paa livuje. Deo aje na balbu nyekundu ya volti kumi na mbili, mbili kama zipo, aje kesho, asingoje mwisho wa mwezi. Nimeshamwambia Mwahija kwamba sultani amesahau kilemba chake kitandani, upande wa ukutani, nimekiona kwa macho yangu, na kwamba mtu kama yule hawezi kukiacha, atarudi tu. Ameniuliza lini. Nimemwambia Jumatano, baada ya alasiri.